Mizigo Iliyotulia

Karatasi ya kuidhinisha mnara ilikuwa mezani tangu saa tano asubuhi, na Foibe Shekalaghe alikuwa hajaigusa hata kalamu.

"Mama mkaguzi," Mhandisi Hoza alisema, "nimekuletea chai mara mbili. Safari ya tatu nilete na godoro?"

"Lete tu, baba. Mimi jambo likinishinda macho, hulilalia."

Hoza alicheka kwa adabu, lakini jicho lake halikutoka kwenye karatasi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mitatu, mchoraji mkuu wa Mnara wa Tatu wa Korogwe, na katika ghorofa zote thelathini na mbili hapakuwa na ukuta ambao hakuujua kwa namba yake. Foibe alikuwa na hamsini na moja. Nusu ya umri wake aliimaliza akiranda milango katika karakana ya Manundu. Masomo ya jioni aliyaanza akiwa na miaka arobaini na nne, magoti yamebanwa kwenye dawati la watoto wa darasa la tatu, na mtihani wa ukaguzi wa moto aliushinda mara ya tatu, baada ya kuanguka mara mbili. Hakuwa mwepesi wa kuelewa. Alichokuwa nacho ni kwamba hakuona haya kuuliza.

"Nirudilie Kanuni ya Tisa," alisema. "Polepole, kama unamweleza mtu aliyeingia sasa hivi."

Hoza akavuta kiti. Walikuwa wawili tu katika chumba cha Kinga, mtambo wa kuzima moto, chini kabisa ya mnara, mbele ya ubao mkubwa wa mwanga ulioonyesha ghorofa zote moja juu ya nyingine. Nukta ndogo nyeupe zilitembea ndani ya ghorofa hizo. Kila nukta ilikuwa mtu.

Minara ile ilijengwa kwa mkonge. Bahari ilipoanza kuila Tanga mtaa kwa mtaa, watu walipanda bara na vyombo vyao, na Korogwe ikajikuta haina pa kuwaweka isipokuwa juu. Saruji haikutosha. Mkonge ulikuwapo, mashamba kwa mashamba, na nyuzi zake zilishindiliwa kwa gundi hadi zikawa mbao ngumu kama mvule na nyepesi kama kikapu. Zilikuwa na ubaya mmoja. Ubao wa mkonge ukishika moto hauwaki kwa ndimi, hufukuta na kutoa moshi mzito wa njano, na ukiumwagia maji ndiyo kwanza moshi unazidi. Hivyo Hoza aliacha maji akabuni njia nyingine. Kila ghorofa aliigawa mafungu mawili. Fungu likishika moto, Kinga inafunga milango ya fungu hilo na kunyonya hewa yake yote kwa sekunde arobaini. Moto unakufa kwa kukosa pumzi.

"Na mtu naye hufa kwa kukosa pumzi," alisema Foibe.

"Ndiyo maana Kinga inahakikisha kwanza kwamba hakuna mtu. Vigae vya sakafu vinasikia uzito unaohama. Uzito unaohama ni mtu. Usiohama ni mzigo: kabati, kitanda, gunia."

"Na aliyelala usingizi?"

"King'ora kinalia kwanza, mama. Nani analala kwenye king'ora? Tuliwapima watu elfu mbili. Wakati wa moto hakuna binadamu anayetulia kwa dakika moja na nusu. Wote wanakimbia."

"Mliwapimia wapi?"

"Maabara."

Foibe aliandika neno hilo kwenye daftari lake, *maabara*, kisha akauweka mkono wake juu ya bamba la shaba lililokuwa mezani, pana kama sahani. Siku ya ukaguzi, sheria ilimpa mkaguzi bamba hilo. Kiganja kikiwa juu yake, Kinga inasubiri. Kiganja kikiinuka, Kinga inaendelea na kazi yake na bamba halisikii tena. Jioni hiyo, akishatia saini, bamba lingeng'olewa. Hicho ndicho kilichomkwaza.

"Nataka abaki mtu wa kuulizwa," alisema. "Siku zote, sio leo tu."

"Mtu ana polepole yake, mama. Na kila sekunde Kinga inaposubiri, pampu nazo zinasubiri. Ni pampu zilezile. Zikimaliza kunyonya fungu ndipo zinageuka kupuliza hewa safi ngazini, wanakoshukia watu."

"Ungeweka pampu nyingine."

"Uzito. Mnara wa mkonge haubebi." Hoza aliinama mbele, na sauti yake ikashuka. Alikuwa anasema jambo analoliamini kweli. "Tena kuna hili. Ukimweka mtu hapo, ipo siku atalazimika kuchagua nani aishi na nani afe, na atalibeba hilo mpaka kaburini. Mimi namwondolea binadamu mzigo huo. Hiyo si huruma?"

*Bwana, nipe neno,* Foibe aliomba moyoni, kama alivyokuwa akiomba kwenye chumba cha mtihani. Neno halikuja.

Kinga ndiyo iliyosema. Ilikuwa na sauti laini ya kike, isiyo na haraka.

"Moto. Ghorofa ya kumi na tisa, fungu la mashariki. Saa nane na dakika kumi na moja."

*

Jicho la Kinga katika ukumbi wa lifti wa kumi na tisa lilionyesha kidogo kabla ya moshi kulifunika. Foibe aliona mafiga matatu. Aliona sufuria kubwa, ile ambayo watu wawili huibeba kwa kupitisha mti kwenye masikio yake. Kisha njano tupu.

"Nani kapandisha mkaa huko juu?" Hoza alisimama. "Mkaa umekatazwa. Umeandikwa mlangoni."

"Ni matanga," alisema Foibe. Mzee Mbelwa wa ghorofa ile alizikwa jana. "Jiko lako, baba, linapika wali wa watu sita. Matanga yana watu mia."

Ilikuwa wazi usoni mwa Hoza kwamba jambo hilo halikupata kupita katika mchoro wowote.

Kwenye ubao, nukta nyeupe za wanaume waliokuwa ukumbini zilitawanyika zikaingia ngazini. King'ora kikalia mnara mzima. Ghorofa za juu zikaanza kumiminika, nukta kwa nukta, kwenye ngazi ya mashariki. Simu ya upepo ikakoroma.

"Mama mkaguzi, Abdi hapa." Abdi Mhina alikuwa msimamizi wa ngazi, mtu wa kifua kipana aliyewahi kuwa mlinda mlango wa timu ya wilaya. "Niko ngazini, kituo cha ghorofa ya ishirini, nawashusha. Hiyo Kinga yenu ina sauti ya bibi harusi, hakuna anayeisikiliza. Wananisikia mimi."

"Endelea, Abdi. Uko na wangapi?"

"Wengi. Wengine wamebeba televisheni. Nitawasema baadaye."

"Fungu la mashariki limefungwa," ilisema Kinga. "Watu sifuri. Mizigo kumi na minne, imetulia. Naomba kunyonya."

"Inua mkono, mama," alisema Hoza.

Foibe alitazama kiganja chake. Kilikuwa bado juu ya bamba. Akatazama ubao. Ndani ya sebule ya akina Mbelwa, nyuma ya mlango uliofungwa, palikuwa na alama kumi na nne za kijivu, zimelala karibu karibu, hazitikisiki.

Hapo ndipo alipokumbuka.

Jumamosi tano mfululizo alikuwa amezunguka mnara huu, ghorofa moja baada ya nyingine, akiwafundisha wakazi. Hakuna aliyemtuma. *Mlango ukijifunga na moshi ukaja, msikimbiekimbie. Moshi hukaa juu, pumzi iko chini. Lowesha kanga, funika pua, lala, tulia kabisa.* Kwenye kumi na tisa, Bi Hidaya, mke wa Mzee Mbelwa, alimtania. "Mwalimu, mimi nikishalala chini, kuninyanyua ni kazi ya wanaume wanne." Wanawake wakacheka, kisha wakalala wote kwenye mikeka, kanga puani, wametulia tuli. Hakukuwa na ghorofa iliyomsikiliza vizuri kuliko ile.

Kanuni ya Kinga aliijua. Somo lake mwenyewe alilijua. Hakuwa amewahi kuviweka viwili hivyo pamoja.

"Hiyo si mizigo," alisema. "Ni wanawake wamelala chini. Niliwafundisha mimi."

"Mama, jana waliupandisha mchele. Niliuona kwenye lifti kwa macho yangu, na masufuria, na viti vya kukodi."

"Kinga, kila mzigo una kilo ngapi?"

"Hamsini. Hamsini. Hamsini. Sitini na mbili. Hamsini na nane. Themanini na moja. Sabini. Arobaini na tisa—"

"Gunia la mchele ni kilo hamsini. Hayo ni matatu tu."

"Viti vikipangwa ni kilo ngapi?" Hoza aliuliza. "Sufuria ndani ya sufuria ni kilo ngapi? Mama, hujui. Na mimi sijui."

"Niunganishie sauti ya sebuleni."

"Nyaya za sauti za fungu la mashariki zimeungua," ilisema Kinga. "Uwezekano wa mtu katika fungu ni mmoja katika mia tatu. Ngazini, juu ya kumi na tisa, wapo watu mia moja na sita. Hewa ya ngazi haijaanza. Naomba kunyonya."

Hoza alikuwa ameshika kichwa. Ghafla aliushusha mkono. "Kizimba cha wasafisha madirisha. Kiko chini upande wa mashariki, wanafuta vioo kwa ajili ya sherehe ya saini yako. Dakika tano kufika kumi na tisa. Nitaangalia mwenyewe dirishani." Alichukua simu ya upepo ya pili. Mlangoni aligeuka. "Nikikuta mchele, utainua mkono palepale nitakaposema."

"Palepale."

"Ahadi?"

"Nenda, baba."

*

Akabaki na ubao.

"Watu mia moja na wawili," ilisema Kinga. "Tisini na tisa."

Kila nukta iliyopita kituo cha kumi na tisa ilitoka katika hesabu. Foibe aliiangalia hesabu ile kama mtu anayeangalia maji yakishuka kwenye pipa lililotoboka, ila yeye alitaka yashuke upesi. Themanini na saba. Sabini na wanne. Alama za kijivu hazikutikisika. *Jigeuzeni,* aliwaambia moyoni. *Hata mmoja. Kohoeni.* Lakini alikuwa amewafundisha wasijigeuze.

"Mama mkaguzi." Sauti ya Abdi ilikuwa na mikwaruzo. "Moshi umeingia ngazini. Fremu ya mlango wa kumi na tisa imepinda. Hewa iko wapi? Si tuliambiwa Kinga itapuliza?"

"Nimeishika, Abdi. Mkono wangu uko juu ya bamba."

"Kwa nini?"

"Nadhani mna watu humo ndani. Wanawake wa matangani."

"Unadhani."

"Nadhani."

Alimsikia akikohoa, na nyuma yake watu wakiitana majina, na mtu mmoja akisoma kwa sauti ya juu aya ambayo Foibe hakuijua. Kisha Abdi akarudi, na utani wote ulikuwa umemtoka.

"Mimi hapa sidhani, mama. Mimi nawaona. Nina watu sitini hapa nawaona kwa macho, wengine hawawezi kutembea. Achia bamba. Nakuomba, mama yangu, achia."

Mkono wa Foibe ulikuwa umelowa jasho, na shaba ilikuwa na joto chini yake. Alifikiria kwamba kuuinua ni kitu kidogo sana. Hata asingehitaji kuamua. Angeacha tu kuushikilia. Kinga ingefanya mengine, na watu wangesema mashine imefanya, na yeye angesema hivyo hivyo, na labda miaka ikipita angeamini.

*Bwana,* aliomba, *mmoja katika mia tatu. Ni wewe uliyewaacha kondoo tisini na tisa umfuate mmoja. Lakini wale tisini na tisa walikuwa malishoni, Bwana, hawakuwa kwenye moshi.* Akangoja. Alikuwa mtu wa kungoja, maishani mwake alikuwa amengoja majibu mengi akayapata. Safari hii hakusikia kitu ila pampu zikinguruma mahali fulani chini ya sakafu, tayari, hazina kazi.

Hakumjibu Abdi. Baadaye angekumbuka hilo kuliko yote, kwamba simu ilikuwa mkononi na hakusema neno.

"Hamsini na mmoja," ilisema Kinga. "Arobaini."

Abdi hakusema tena na Foibe. Lakini kitufe cha simu yake kilikuwa kimeganda au amekibana kwa kusahau, na sauti yake iliendelea kuja, ya mbali. *Shika bega la mwenzako. Macho fumba, hesabu ngazi. Wewe bibi, nipe mkono, acha kikapu, acha.* Nukta moja ilikuwa ikishuka na kupanda, ikishuka na kupanda, kati ya ishirini na kumi na tisa. Foibe alijua ni nukta ya nani.

Ishirini na wawili. Kumi na wanne.

"Mhandisi Hoza, uko wapi?"

"Kumi na tatu," upepo ulisikika kwenye simu yake. "Kinapanda polepole. Moshi unatokea kwenye viungo vya ukuta."

Tisa. Sita. Sauti ya Abdi ilikuwa imebaki pumzi tu, ya mtu anayebeba kitu kizito. Wanne. Wawili. Nukta mbili zilishikana kwenye kituo cha kumi na tisa, moja ikasogea chini, ikapita, ikaingia katika hewa safi ya kumi na nane. Nyingine ikasimama.

"Mmoja," ilisema Kinga.

"Abdi," alisema Foibe. "Abdi, shuka. Wote wamepita, shuka sasa."

Nukta ilisogea hatua moja. Ilikuwa inaelekea juu, kama mtu aliyepotewa na upande. Kisha haikusogea tena. Foibe alihesabu kimoyomoyo mpaka hesabu ikampotea. Kwenye ubao, weupe ulianza kufifia.

"Ngazini, watu sifuri," ilisema Kinga kwa sauti yake laini. "Mzigo mmoja, umetulia."

Foibe alisikia sauti ikitoka kifuani mwake, si kilio wala neno. Hewa ya pampu ingemfikia Abdi kwa dakika moja. Sekunde arobaini za kunyonya, ishirini za kupuliza. Alikuwa bado hai. Mtu hafi mara moja kwa moshi, hilo alilisoma na kulijibu katika mtihani. Vidole vyake viwili vilikuwa vimeinuka kutoka kwenye shaba bila yeye kuviambia.

"Mama." Ilikuwa sauti ya Hoza. Haikuwa sauti aliyoijua. "Mama, usiinue mkono. Usiinue. Wapo. Wamelala chini wote na kanga puani, mmoja ananitazama. Mungu wangu, mmoja ananitazama."

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Kizimba kinachukua wangapi?"

"Sita. Safari mbili. Nashusha kumi na nane tu, wanapokelewa dirishani, narudi. Dakika nne. Nivumilie dakika nne."

Foibe alivirudisha vidole vyake chini, kimoja, kisha cha pili. Sasa hakuwa anadhani. Alijua walioko upande huu na aliyeko upande ule, na majina yao, na kilo zao. Alikaa hivyo dakika nne na sekunde kumi na tano, macho kwenye alama moja ya kijivu ngazini. Hakuomba. Hakuwa na la kuomba ambalo lisingekuwa kumwomba Mungu ageuke na kutazama kwingine.

"Wametoka," alisema Hoza. "Wote. Dirisha nimeliziba kwa turubai. Inua."

Akainua. Pampu zikanguruma. Moto wa ghorofa ya kumi na tisa ukafa kwa sekunde arobaini, sawasawa na mchoro, na hewa safi ikapanda ngazini ikiwa imechelewa.

*

Siku ya tatu Hoza alikuja nyumbani kwa Foibe mchana, bila kupiga simu. Alikuwa na bandeji kiganjani, alipojikata na kioo cha dirisha. Alikaa, akasimama, akakaa tena.

"Bi Hidaya anakusalimu," alisema. "Amesema yuko eda, hawezi kutoka, lakini anakuombea kila sala. Wote kumi na mmoja wanakuombea."

"Nimesikia. Wameniletea maandazi mpaka sina pa kuyaweka."

"Nimechora upya." Alifungua karatasi mezani: majiko ya pamoja upande wa nje, chini ya bati na si mkonge, mapana ya kutosha sufuria ya matanga, vigae vinavyosikia pumzi ya kifua na si hatua pekee, pampu za pili, na kwa ajili ya uzito wake mnara utakaofuata umepunguzwa ghorofa nne. "Na bamba linabaki. Nimeliandika. Nilikuwa nimekosea, mama."

"Tulikosea wawili."

Hoza alikunja karatasi taratibu, ukunjo juu ya ukunjo. "Kuna lile la sauti. Kinga huhifadhi kila linalosemwa kwenye simu ya upepo. Nimesikiliza mimi peke yangu." Hakumwangalia. "Kamati inachunguza Kinga, haikuchunguzi wewe. Yale maneno ya Abdi hayana haja ya kuingia kwenye taarifa. Yatamsaidia nani? Mke wake ameshaambiwa hewa ilichelewa. Si uongo, ilichelewa."

"Ilichelewa kwa mkono wa mtu."

"Wanawake kumi na mmoja wako hai kwa mkono huohuo."

"Najua, baba. Nao wananiombea." Foibe alivuta kalamu, ile ambayo hakuigusa siku ya saini. Chini ya mchoro wa bamba aliandika mstari mmoja, kwa mwandiko wake mkubwa wa mtu aliyechelewa kusoma, akamgeuzia Hoza. *Atakayeshika bamba ataandika jina lake, na atakwenda mwenyewe kwa wafiwa.*

Hoza aliusoma mara mbili. "Nani atakubali kazi hii?"

"Sijui."

"Wewe ungekubali? Ungelijua hili?"

Foibe alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila swali alilowahi kuulizwa. "Sijui," alisema tena. "Lakini uliniuliza kama si huruma kumwondolea mtu mzigo. Sikuwa na jibu siku ile. Sasa naona mzigo hauondoki, Hoza. Ukiutoa kwangu, unaenda kukaa kwa yule aliyefiwa, na yeye hata hajui ameubeba."

Alichukua kitenge chake. Hoza alimuuliza anakwenda wapi, ingawa alijua.

"Hiyo sauti iingie kwenye taarifa," alisema Foibe. "Lakini mke wa Abdi asiisikie kwanza kwenye taarifa."

*

Mwantumu, mke wa Abdi Mhina, alikuwa akikaa Mnara wa Kwanza, ghorofa ya nne. Foibe alipanda kwa miguu. Kwenye kila kituo alisimama, na kwenye kila kituo alisema ombi moja lilelile: *Bwana, usinipe maneno mazuri leo.* Alijijua. Alikuwa amesoma Neno kwa miaka mingi, na maneno mazuri yalimjia upesi, na mtu anaweza kujificha ndani yake kama ndani ya nyumba.

Mwantumu alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, amejitanda kaniki, na macho yake yalikuwa makavu kwa kuchoka.

"Shikamoo, mama," alisema. "Karibu ndani. Wewe ni wa kamati?"

"Marahaba, mwanangu. Sitaingia kwanza. Mimi ni Foibe Shekalaghe. Nilikuwa mkaguzi siku ile."

"Wamekuja wakubwa wengi," alisema Mwantumu. "Wana heshima sana. Wote wameniambia ni mashine."

"Si mashine. Mashine ilitaka kumpelekea hewa. Mimi ndiye niliyeizuia, kwa mkono wangu. Kulikuwa na wanawake kumi na mmoja ndani ya moto, na kama ningeiachia, wangekufa wao."

Mahali fulani ndani ya nyumba mtu alikuwa akipanga vyombo, sahani juu ya sahani.

"Ulijua kama wamo?"

"Mwanzoni sikujua. Nilidhani. Nilijua kwa hakika yeye alipokuwa tayari ameanguka. Na baada ya kujua, nilishika dakika nne zaidi."

"Yeye alijua? Kwamba ni wewe umeshika?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Hapo palikuwa na njia nyingi. Foibe aliziona zote, na zote zilikuwa na huruma. Angeweza kusema, alisema tushike, yeye atawashusha watu. Ni neno ambalo mtu kama Abdi angeweza kulisema siku nyingine. Mwanamke huyu angelilalia kila usiku kama mto.

"Alisema niachie," alisema Foibe. "Aliniomba. Aliniita mama yangu."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Simu ilikuwa mkononi, na sikumjibu."

Mwantumu aliutazama mkono wa Foibe, kisha uso wake, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshika ukingo wa mlango. Hakuufungua zaidi, wala hakuufunga.

"Simama hapohapo," alisema hatimaye. "Usiondoke. Namwita mama yake, umwambie na yeye. Kwa maneno hayohayo."